Figo Zikishindwa, Kinga Nayo Huyumba

Miezi michache iliyopita alinijia ofisini mwalimu mmoja wa shule ya upili ambaye zamani nilimfundisha isimu chuoni. Alikuwa amekonda, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji chini ya shati la mikono mirefu. Figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi, na kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akienda hospitalini kusafishwa damu kwa mashine. Hayo nilikuwa nimeyasikia. Nisilolijua ni kwamba alikuwa amekosa kwenda mara mbili kwa mpigo, kwa hiari yake mwenyewe, ilhali alijua fika kwamba kukosa huko kungeweza kumwua.

Nilipomuuliza sababu, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, daktari aliniambia kinga yangu imepungua, nijihadhari na watu wenye kikohozi na nikachanjwe. Sasa, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kinga ikipungua mwilini huitwaje? Si sisi tuliowafundisha watoto kuziandika herufi hizo sita?"

Hapo ndipo nilipotambua kilichomsibu. Alidhani daktari amempima bila kumwambia na kwamba anamfumbia maneno. Mkewe hakumweleza kitu. Kadi ya chanjo alikuwa ameificha ndani ya daftari lake la maazimio ya kazi, mahali ambapo hapana mtu wa nyumbani angepekua. Kila alipofikiria kurudi katika chumba kile cha mashine, alihisi kwamba wauguzi wote wanamjua kwa jina la ugonjwa ambao hana.

Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa lugha, na lugha haimtibu mtu figo. Lakini katika kisa hiki hatari iliingilia mlango wa neno, na milango ya maneno ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo nililiona kuwa jukumu langu kusoma, kuwauliza wanaotibu, na kuyaandika hapa niliyoyapata, kwa manufaa ya walimu na wanafunzi ambao huenda wakaulizwa swali lilo hilo na jirani, mzazi au mwenzao.

Neno lililotekwa

Nomino "kinga" yatokana na kitenzi kukinga, yaani kuweka kitu mbele ya kingine ili kukizuia. Tunaikinga mvua kwa mwavuli na jua kwa kofia. Kwa maana hii pana, kila kiumbe kina kinga, na kinga ya kila kiumbe yaweza kupungua kwa sababu nyingi: utapiamlo, uzee, kisukari, saratani, dawa fulani, na hata ujauzito huibadili.

Lakini tangu mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI aripotiwe humu nchini mwaka 1984, na baadaye kifupisho hicho kuundwa kutokana na maneno "upungufu wa kinga mwilini", neno hili lilianza kufinyika. Kwa watu wengi "kinga imepungua" haikubaki kuwa maelezo ya hali ya mwili, bali iligeuka kuwa tangazo la ugonjwa mmoja, na pamoja na ugonjwa huo, aibu ambayo jamii ilimbandika mgonjwa bila haki. Isimu inalifahamu jambo hili: neno likitumiwa mno mahali pamoja, husahau kwao.

Ukweli ni kwamba mtu ambaye figo zake zimeshindwa hupungukiwa na kinga hata kama hajawahi kuambukizwa virusi vyovyote. Njia ya kupungukiwa ni tofauti kabisa. Virusi vya UKIMWI huingia ndani ya baadhi ya seli za kinga na kuziangamiza. Figo zikishindwa, hakuna mvamizi anayeingia ndani ya seli. Damu yenyewe, ambamo seli hizo huishi na kufanya kazi, ndiyo inayochafuka.

Kazi ya figo

Figo ni viungo viwili, kila kimoja chenye ukubwa wa ngumi hivi, vilivyolala nyuma ya tumbo, kimoja kila upande wa uti wa mgongo. Kamusi za zamani huziita pia nso. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja, figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Sehemu kubwa mno ya majimaji hayo hurudishwa mwilini, na kinachobaki ni lita moja au mbili za mkojo, zilizobeba taka ambazo mwili hauzitaki.

Fauka ya kuchuja, figo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza seli nyekundu za damu. Aidha, zinaikamilisha vitamini D, ambayo huimarisha mifupa na pia huzisaidia seli za kinga. Kwa hiyo figo zikishindwa, si choo kidogo tu kinachoharibika. Mgonjwa hupungukiwa na damu, mifupa hulegea, shinikizo la damu hupanda, na taka hubaki zikizunguka mwilini.

Taka hizo ni za aina nyingi. Inayojulikana zaidi ni yurea, itokanayo na protini tunazokula. Lakini zipo nyingine zisizotajwa sana ambazo wataalamu wamegundua kuwa na madhara makubwa zaidi kwa seli. Baadhi ya protini tunazokula huvunjwavunjwa na bakteria waishio katika utumbo mpana, na mabaki yake huingia katika damu na kugeuzwa kuwa vitu kama indoksili salfeti. Mtu mzima wa afya huvitoa vitu hivi kwa mkojo bila hata kujua kwamba vilikuwepo. Mgonjwa wa figo hukaa navyo.

Askari ndani ya maji machafu

Mwaka 1882, mjini Messina nchini Italia, mwanasayansi Mrusi aitwaye Elie Metchnikoff alichoma miiba katika viluwiluwi vya kiti cha pweza, kisha akatazama kwa hadubini. Aliona seli zikikusanyika kuuzunguka mwiba kana kwamba zinataka kuula. Kutokana na uchunguzi huo na mwingine aliofanya baadaye, wanadamu walianza kuelewa kwamba miilini mwetu zimo seli zilizo na kazi ya kumeza wavamizi. Mwaka 1908 alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel.

Seli hizo za kumeza ni kundi moja tu. Zilizo nyingi zaidi katika damu huitwa neutrofili, nazo ndizo hufika mwanzo mahali penye kidonda au bakteria. Kundi la pili ni seli zenye matawi, ambazo kazi yake ni kumkamata adui, kumpeleka kwenye tezi na kumwonyesha kwa seli nyingine ili atambulike. Kundi la tatu ni limfosaiti. Miongoni mwake, limfosaiti T huongoza vita na huua seli zilizokwisha kuambukizwa, ilhali limfosaiti B huzaa seli zinazotengeneza kingamwili, ambazo hushikana na adui na kumwekea alama.

Je, makundi haya hupatwa na nini figo zikishindwa?

Neutrofili kwa kawaida hazipungui sana kwa hesabu. Mgonjwa aweza kupimwa damu akaambiwa kwamba idadi yake ni ya kawaida. Lakini idadi si kazi. Katika damu yenye taka, neutrofili huchelewa kufika panapohitajika, humeza bakteria kwa uvivu, na nyingi hufa kabla ya wakati wake. Jambo la ajabu ni kwamba hata pasipo na adui, seli hizo huwa kama zimekwisha kuamshwa, zikivuja kidogo kidogo kemikali kali zilizotengwa kwa ajili ya vita. Adui anapofika kweli, ghala limekwisha kupungua.

Seli zenye matawi hupungua idadi na hulegea katika kazi ya kutoa habari. Hali kadhalika, limfosaiti B hupungua, na kingamwili zinazopatikana baada ya chanjo huwa chache na hutoweka mapema.

Limfosaiti T ndizo zinazohuzunisha zaidi, kwa kuwa huzeeka kabla ya siku zake. Kila mtu huzaliwa na akiba ya limfosaiti T changa ambazo hazijawahi kukutana na adui yeyote, na akiba hiyo hupungua jinsi umri unavyosonga. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walipozichunguza seli hizi kwa wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimefika mwisho, waliona kwamba umri wa seli ulikuwa umeutangulia umri wa mwenyewe kwa takriban miaka 20. Maana yake ni kwamba mwalimu wa miaka arobaini aweza kuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtu wa makamo, na limfosaiti za mzee wa miaka sitini.

Ushahidi kutoka Boston

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, madaktari wa hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, walijaribu kuwapandikizia wagonjwa mahututi figo za watu wasio ndugu zao. Hakukuwa bado na dawa za kuuzuia mwili usikatae kiungo kigeni, na figo nyingi zilikataliwa upesi. Hata hivyo, moja kati yake ilifanya kazi kwa zaidi ya miezi mitano. Iliwezekanaje?

Jibu lilianza kujitokeza mwaka 1957, wakati madaktari wa mji huohuo walipoeleza kwamba ngozi ya mtu mwingine ikipandikizwa kwa mgonjwa wa figo hudumu muda mrefu kuliko ikipandikizwa kwa mtu mwenye afya. Mwili wa mgonjwa ulikuwa umedhoofika kiasi cha kutoweza kumkataa mgeni. Kilichoonekana kuwa bahati kwa mpandikizaji kilikuwa dalili ya msiba: mwili usioweza kuikataa ngozi ya jirani hauwezi pia kumkataa bakteria. Upandikizaji uliofaulu kwa muda mrefu ulifanywa hospitalini humo tarehe 23 Desemba 1954, kwa ndugu pacha wa kufanana, na Joseph Murray aliyeuongoza alitunukiwa Nobel mwaka 1990.

Kinga nyingine: kinga cha moto

Walimu wenzangu wa Kiswahili wanajua kwamba lugha yetu ina "kinga" nyingine, ya ngeli ya KI-VI. Wahenga walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hicho ni kinga cha moto, kijiti kiwakacho, na wingi wake ni vinga. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Lakini katika mwili wa mgonjwa wa figo yamekutana hata kwa maana.

Kwa upande mmoja, ngao imelegea. Kwa upande wa pili, moto mdogo huwaka daima. Seli zilizoamshwa bila sababu hutoa kemikali za kuwasha uvimbe, na figo ambazo zingesaidia kuziondoa kemikali hizo hazifanyi kazi. Moto huu hauonekani kwa macho. Hauleti jipu wala homa, ila huunguza kuta za mishipa ya damu mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa figo huuawa na maradhi ya moyo na mishipa, na maambukizi hufuata kwa karibu miongoni mwa visababishi vya vifo vyao. Ngao iliyolegea na moto usiozimika ni matokeo mawili ya chanzo kimoja.

Kuosha damu si kurudisha figo

Hapa pana neno jingine la kutahadhari nalo. Watu husema mgonjwa "ameoshwa damu", na neno kuosha hutupa picha ya sahani iliyotoka majini ikiwa safi. Mashine hiyo ni neema kubwa. Willem Kolff aliitengeneza ya kwanza nchini Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita, na mwaka 1945 akamwokoa mgonjwa wa kwanza. Tangu hapo imeokoa watu wasiohesabika. Lakini tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule ya msingi ataiweza. Wiki ina saa 168, na figo za mtu mzima wa afya hufanya kazi saa zote hizo. Mgonjwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, hupata saa 12.

Isitoshe, mashine huiondoa yurea vizuri, lakini vitu kama indoksili salfeti hung'ang'ania protini za damu zisizoweza kupenya katika kichujio, na sehemu kubwa yake hubaki. Kwa hiyo mgonjwa hutoka hospitalini akiwa na nafuu, huku seli zake za kinga zikirudi kuogelea katika maji ambayo hayajasafika kabisa. Akikosa siku yake, maji hayo huzidi kuchafuka. Rafiki yangu alikuwa amekosa mara mbili.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo haya yapo mambo ambayo kila mgonjwa, na kila anayeishi naye, anapaswa kuyafahamu.

Kwanza, asingoje homa kali. Joto la mwili wa mgonjwa wa figo aghalabu huwa chini kidogo kuliko la watu wengine, na kinga iliyolegea hushindwa kulipandisha ipasavyo. Maambukizi mazito yaweza kujificha nyuma ya uchovu, kutetemeka, kuchanganyikiwa au kukosa hamu ya chakula. Dalili kama hizo zitoshe kumpeleka kwa daktari siku iyo hiyo.

Pili, mahali panapotolewa damu pawe safi daima. Mpira unaotiwa katika mshipa wa shingo ni njia iliyo wazi kwa bakteria waishio juu ya ngozi zetu. Mishipa miwili ya mkononi iliyounganishwa kwa upasuaji, iitwayo fistula, huleta maambukizi machache zaidi. Wekundu, usaha au maumivu mahali hapo si mambo ya kuvumilia.

Tatu, chanjo. Watu wazima wenye afya wanaochanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B hupata kinga kwa zaidi ya asilimia 90. Miongoni mwa wanaosafishwa damu kwa mashine, hupungua hadi nusu au thuluthi mbili hivi. Kwa sababu hiyo wao hupewa kipimo maradufu, kisha hupimwa kuona kama kingamwili zimetosha, na hupimwa tena kila mwaka. Afadhali zaidi ni kuchanjwa mapema, kabla figo hazijafika mwisho, wakati seli zingali na nguvu za kujifunza. Watoto wa Kenya hupata chanjo hii katika utoto wao tangu mwanzoni mwa karne hii, lakini walimu wengi wa leo walizaliwa kabla ya hapo. Somo hilo lilirudiwa wakati wa janga la COVID-19, pale wagonjwa wa figo, hasa waliopandikizwa, walipohitaji dozi za ziada.

Nne, kifua kikuu. Mgonjwa anayetegemea mashine yumo katika hatari ya ugonjwa huu mara kadhaa kuliko mtu mwingine, na mara nyingi hujitokeza nje ya mapafu. Kipimo cha kuchoma ngozi chaweza kudanganya, kwa maana seli zilizolegea hazivimbishi ngozi hata kama mdudu yumo. Basi daktari alipomwambia mwalimu wetu ajihadhari na wenye kikohozi, alikuwa akimwambia jambo lenye msingi, hasa kwa mtu anayeshinda katika darasa lililojaa wanafunzi na madirisha yaliyofungwa.

Tano, na hili ni la sisi sote, kinga ni bora kuliko tiba. Visababishi vikubwa vya figo kushindwa ni kisukari na shinikizo la damu, maradhi yanayopimika kwa dakika chache. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya kumi duniani ana ugonjwa sugu wa figo wa kiwango fulani, na walio wengi hawajui, kwa maana figo hazilii hata zinapokaribia kufa. Kupima mkojo na damu hutambua tatizo kabla ya mashine kuhitajika.

Wajibu wa mwalimu

Niliyaeleza mengi ya haya kwa mwalimu yule kadiri nilivyoyajua siku ile, kisha nikamsihi arudi hospitalini akamwulize daktari maswali yake waziwazi. Alirudi. Baadaye alinipigia simu akaniambia kwamba majibu aliyopewa yalikuwa haya haya, na kwamba ameichukua dozi ya kwanza ya chanjo. Ile kadi aliitoa katika daftari akaiweka mezani mbele ya mkewe. Mkewe aliisoma, akamwuliza mbona hakusema mapema, naye hakuwa na jibu la kumpa.

Simlaumu daktari, maana alisema kweli kwa maneno yaliyopo. Simlaumu mgonjwa, maana aliyasikia maneno hayo kama jamii ilivyomfundisha kuyasikia. Lawama ni yetu sisi tunaofundisha lugha na sayansi katika vyumba viwili visivyoamkiana. Mwanafunzi hujifunza kinga katika somo la biolojia kwa Kiingereza, kisha hulikuta neno lilo hilo katika Kiswahili likiwa na sura moja tu ya kutisha.

Napendekeza jambo dogo. Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha maana ya neno kinga, asiishie kwenye mwavuli wala kwenye UKIMWI. Ataje mtoto mchanga, mzee, mgonjwa wa kisukari na mgonjwa wa figo. Ataje pia kwamba anayepungukiwa na kinga, kwa sababu yoyote ile, hana hatia ya kuficha. Kipindi kimoja kingetosha, na huenda katika darasa hilo ameketi mtoto ambaye babake hakwenda hospitalini wiki hii kwa sababu ya neno.